Pangani Haifundishwi kwa Madesa

Naandika kutoka Malampaka, wilaya ya Maswa, mkoa wa Simiyu. Nipo nyumbani kwa ajili ya field, nafundisha Historia na Kiswahili, kidato cha pili na cha tatu. Jioni hii umeme upo na mtandao upo, kwa hiyo naandika haraka kabla kimojawapo hakijaaga.

Leo nina hoja moja tu, na naiweka mezani mapema ili msije mkasema nimezunguka kama daladala inayotafuta abiria. Mtu anayesomea ualimu wa Historia asimalize chuo kabla hajalala walau usiku mmoja kwenye mji mkongwe wa nchi yake. Nimesema KULALA. Kupita na basi ukichungulia dirishani hakuhesabiki. Na kama mnaniuliza tuanzie mji gani, kura yangu naipeleka Pangani.

Najua kuna watu wameshaanza kucheka na kusema "hela je?" Tulieni, tutafika huko.

Kwanza niseme Pangani ni wapi, maana kuna mwenzetu wa darasani aliniuliza kama ni ile ya Nairobi, teh teh! Pangani ninayoisema mimi ipo mkoa wa Tanga, pale mto Pangani unapoingia Bahari ya Hindi. Maji ya mto ule yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanakutana bwawa la Nyumba ya Mungu, yanapita chini ya milima ya Upare na Usambara, yanazungusha mitambo ya umeme kule Hale, halafu yanakuja kumalizikia pale taratibuuu, mapana, rangi ya chai ya maziwa. Mji umekaa ukingo wa kaskazini. Ng'ambo ni Bweni. Tulipokuwa pale watu walikuwa wanavuka kwa kivuko kutwa nzima na baiskeli, pikipiki, magunia ya nazi na kuku waliofungwa miguu.

Tulikwenda watano, likizo ndefu ya mwaka jana. Wote tunasomea ualimu, wote tunakula boom, hakuna mtoto wa kigogo hata mmoja. Tulipanda basi kutoka Dodoma hadi Tanga mjini, tukalala kwa shangazi wa mmoja wetu, asubuhi tukachukua gari dogo la kwenda Pangani. Ni kama kilomita hamsini hivi kufuata pwani kwenda kusini.

Sasa swali la msingi. Unaona nini kule ambacho hakimo kwenye madesa?

Naanza na soko, kwa sababu ndiko tulikoanza sisi (njaa haina itikadi). Kuna nazi zimerundikwa kama sisi huku tunavyorundika pamba. Kuna ng'onda, pweza, changu, kuna mihogo ya kukaanga na kachori za kutosha. Mama mmoja aliyekuwa anauza samaki nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akajibu, "Marahaba mwanangu, mmetoka wapi nyie?" Nikamwambia mimi natoka Usukumani. Akasema, "Aaa, basi subirini kidogo, maji yakijaa vyombo vinaingia, mtapata samaki wa bei nzuri."

Mimi mtu wa Malampaka, maji yakijaa najua ni mafuriko kwenye majaruba! Lakini tulikaa pale na tukaona. Mlangoni mwa mto kuna mafungu ya mchanga, kwa hiyo mashua zinangoja bahari ijae ndiyo ziingie. Soko lote linaendeshwa na saa ya bahari. Samaki wanafika maji yakifika, bei inashuka vyombo vikiwa vingi, na maji yakipwa kunapoa. Mle mle sokoni nilisikia watu wanasema kusi, kaskazi, demani, bamvua, kama sisi tunavyosema masika na kiangazi. Haya maneno tunayakuta kwenye mashairi, tunayatafuta kwenye kamusi, tunamwandikia mwanafunzi maana yake ubaoni. Ukiwa umekaa pale ukaona maji ya bamvua yanavyopanda, hutahitaji kamusi kumweleza mtoto. Na hii ni faida ya mwalimu wa Kiswahili, ambaye sikumtaja hata kwenye hoja yangu. Mwalimu wa Jiografia naye achukue fungu lake.

Turudi kwenye Historia. Hatua chache kutoka sokoni unafika ukingo wa mto, kuna mtaa wa maduka ya zamani ya Wahindi yenye vibaraza na milango mizito, na baadhi ya majengo yamechoka kiasi kwamba mti umeota ukutani. Karibu na hapo kuna boma, jengo la enzi za Waarabu wa Omani ambalo Wajerumani nao walilitumia. Wenyeji watakusimulia mambo ya kutisha kuhusu nguzo zake na watumwa. Sina namna ya kuthibitisha kila simulizi, lakini biashara ya watumwa pale haihitaji simulizi za kutisha ili iwe kweli. Pangani ilikuwa mji wa misafara, pembe za ndovu na watu walishushwa pale, na mashamba ya miwa ya kando ya mto yalilimwa kwa nguvu za watumwa.

Wote tumesoma vita vya Abushiri. Kwenye desa langu la mwaka wa kwanza vimepewa mistari minne: sababu, viongozi, matokeo, basi. Lakini simama pale ukingoni halafu upange matukio. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar anaikodisha pwani kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Agosti 1888 mtu wa kampuni, Emil von Zelewski, anataka kupandisha bendera ya kampuni Pangani. Liwali anakataa. Zelewski anaingia na askari wa manowari, wanamsaka liwali mpaka ndani ya msikiti, na viatu na mbwa, wakati wa sikukuu ya Idi kubwa. Mji unachemka. Septemba watu wanawazingira Wajerumani ndani ya nyumba yao hadi askari wa Sultani walipokuja kuwatoa.

Ukiwa darasani utajiuliza mji mzima ulipataje habari kwa haraka namna ile. Ukiwa Pangani swali linakufa lenyewe, kwa sababu mji ni mdogo! Bendera ikipanda, muuza samaki anaiona. Mtu akiingia msikitini na mbwa, kabla hajatoka habari imeshavuka Bweni. Ile hasira ilikuwa ya watu wanaojuana kwa majina, wanaoswali safu moja. Nilielewa pale jambo ambalo mistari minne haikuwahi kunielewesha: Abushiri bin Salim hakuuanzisha moto, aliukuta unawaka akaupa uongozi.

Na mwisho wake ni pale pale. Wissmann aliuteka mji Julai 1889, na tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri akanyongwa Pangani. Zelewski yeye aliendelea kula maisha mpaka Agosti 1891, alipouawa Lugalo na jeshi la Mkwawa. Wenyeji walimwita "Nyundo". Kumbe Nyundo wa Lugalo tunayemsoma kwenye mada ya Wahehe ndiye yule yule wa msikiti wa Pangani! Mada mbili, kurasa mbili tofauti za desa, mtu mmoja. Hakuna aliyewahi kutuunganishia.

Siku ya pili tulirudi nyuma kuelekea Tanga tukashuka Tongoni. Hapa sasa ndipo penye ukongwe wenyewe. Kuna magofu ya msikiti wa mawe ya matumbawe na chokaa, na makaburi takriban 40, mengi yakiwa na nguzo. Nguzo nyingi zimeanguka. Zilizobaki zina vishimo ambamo zamani ziliwekwa bakuli za kauri zilizotoka mbali, ng'ambo ya bahari. Mji huu ulikuwa na maisha yake karne ya 14 na 15, kabla Mreno hajajua njia. Mwaka 1498 meli ya Vasco da Gama iitwayo São Rafael ilikwama kwenye mafungu karibu na hapo, na mwaka 1499 wakati wa kurudi waliichoma moto eneo hilo hilo, kwa sababu mabaharia wengi walikuwa wamekufa na waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote.

Wiki iliyopita hapa Malampaka nilikuwa nafundisha miji ya pwani kidato cha pili. Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Madam, kaburi linakuwaje na nguzo? Nguzo ya nini?" Nikachora ubaoni. Nikawaonyesha kwa mkono urefu, nikawaambia kibla kiko upande gani, mawe yanakwaruza vipi ukiyagusa, na bahari iko karibu kiasi gani. Darasa la watoto zaidi ya sitini likanyamaza. Siwezi kusema ni kwa sababu nafundisha vizuri kuliko wenzangu, bado naogopa ubao kama nyie. Walinyamaza kwa sababu walikuwa wanamsikiliza mtu aliyefika. Mtoto anajua upesi sana kama mwalimu anasimulia au anasoma.

Sasa wadau, nifike kwenye jambo lililonifanya niandike haya yote, maana mpaka hapa mtu anaweza kusema "sawa, ulikwenda kutalii, hongera".

Ng'ambo ya Pangani, upande wa kusini wa mto, kuna mahali panaitwa Kikogwe. Mwaka 1893 Mjerumani anayeitwa Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilikuwa 1,000, ikafika hai 62 tu. Ikapandwa Kikogwe. Kutoka kwenye miche ile 62 mkonge ukaenea Tanga, Korogwe, Muheza, Morogoro, hadi miaka ya 1960 nchi yetu ikawa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka na kuongoza duniani.

Nani alikata mkonge huo? Watu wa pwani wengi hawakutaka kazi ile. Waliletwa watu kutoka mbali kwa mikataba, kila mmoja na namba yake, ndiyo maana wakaitwa MANAMBA. Waha, Wabena, Wamakonde, Warundi, Wanyamwezi... na Wasukuma. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda kabisa ofisi ya kuwakusanya vibarua, iliitwa SILABU. Kazi ilipimwa kwa kipande, kadi ya siku thelathini za kazi. Usipomaliza kazi ya siku, siku haihesabiwi.

Babu yangu, sisi tunamwita guku, alikuwa mmoja wao. Alipanda treni hapa hapa Malampaka, kwenye reli ya Tabora hadi Mwanza iliyokamilika 1928. Bibi anasema guku alikwenda na treni mpaka ikabidi washushwe, wakapakiwa malori kwenda Tanga. Nilipoangalia baadaye nikaona inaeleweka, kwa sababu kipande cha reli kinachounganisha Reli ya Kati na reli ya Tanga, Ruvu hadi Mnyusi, kilikamilika 1963, na guku alikwenda kabla ya hapo. Alirudi baada ya miaka miwili na sanduku la bati, blanketi, na Kiswahili. Bibi anasema ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kwenye mji wao kuongea Kiswahili bila kutafuta maneno, wakawa wanamwita waandikiane barua kupitia kwake. Vidole vyake viwili havikukunja mpaka alipofariki. Mkonge una miiba.

Kwetu nyumbani hiyo habari ilikuwa inaitwa tu "wakati guku alipokuwa Tanga". Hakuna aliyeiita historia. Mimi mwenyewe nilisoma mada ya kilimo cha mashamba makubwa wakati wa ukoloni nikiwa sekondari, nikaisoma tena chuo, nikafaulu, na vidole vya guku havikutajwa popote. Niliposimama upande wa Bweni nikaona mashamba ya ng'ambo ile, ndipo mada na vidole vikakutana.

Hiyo ndiyo hasara ninayoisema. Hatukosi taarifa, intaneti imejaa taarifa. Tunakosa kujua kwamba taarifa hiyo inatuhusu. Darasani kwangu niliwauliza wanafunzi nani nyumbani kwao kuna mzee aliyewahi kwenda manamba. Mikono saba ikapanda. Saba! Nikawapa kazi ya kuuliza na kuandika. Watatu walirudi wakasema mzee mwenyewe ameshafariki na waliobaki hawakumbuki vizuri. Kila mwaka tunaochelewa, mikono inapungua.

Tuje kwenye hoja za wapinzani, nimezikusanya kantini na kijiweni.

Ya kwanza: "Utalii ni wa wazungu na wenye magari." Nawajibu kwa mfano wa mbali kidogo. Kule Laos kuna mji unaitwa Luang Prabang, umekaa pale mto Nam Khan unapoingia mto Mekong. Ni mji wa mto kama Pangani, una masoko na una mahekalu ya Kibudha. Hekalu lao maarufu, Wat Xieng Thong, lilijengwa kama mwaka 1560, yaani Tongoni ilikuwa imeshaanza kuchoka. Wafaransa waliichukua Laos mwaka 1893, mwaka ule ule miche 62 ilipoingia Kikogwe. Mwaka 1995 UNESCO ikauweka mji kwenye orodha ya urithi wa dunia. Majengo yakatengenezwa, wageni wakamiminika, hela ikaingia. Desemba 2021 ikafunguliwa reli kutoka mpaka wa China hadi Vientiane, inapita hapo, wageni wakazidi.

Mazuri hayo. Lakini kuna upande wa pili. Kila alfajiri watawa wa pale hupita mitaani na waumini huwapa wali kama sadaka, ni ibada. Watalii wakaanza kuwasogelea na kamera mpaka ibada ikafanana na maonyesho, na kuna wenyeji wengi waliogeuza nyumba zao kuwa za wageni na wao wakahamia pembeni. Mji ukapona kuta, ukapungukiwa wenyewe.

Mimi sitaki Pangani ife kwa kuporomoka, na pia sitaki iokolewe kwa namna ya kuwatoa wauza samaki. Barabara ya lami ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo na daraja kubwa juu ya mto ni mradi mkubwa wa serikali, na barabara ikikaa sawa hoteli zitafuata, hilo halizuiliki. Swali ni nani atakuwa ameshaizoea Pangani siku hiyo. Mji unaotembelewa na walimu, wanafunzi, wajukuu wa manamba, watu wanaokuja na maswali yao na kula mihogo sokoni, huo una wenyewe hata watalii wakija elfu. Tukiwaachia wageni peke yao, mji utapangwa kwa ajili ya wageni. Tusije kulalamika baadaye.

Ya pili: "Magofu ni mawe tu, picha zipo kwenye simu." Ndugu yangu, hata chipsi zina picha kwenye simu, mbona unaenda kuzinunua? Picha haikuonyeshi kwamba mji ni mdogo. Picha haikungojeshi maji yajae. Na nyingine ni hii: mahali pasipotembelewa hupotea kimya kimya. Mbele ya Pangani kuna kisiwa cha Maziwe. Zamani kilikuwa na miti na kasa wakitaga mayai. Miti ilikwisha, na leo ni fungu la mchanga linalofunikwa bahari ikijaa. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingia urithi wa dunia mwaka 1981, mwaka 2004 vikawekwa kwenye orodha ya vilivyo hatarini, na kazi kubwa ikafanyika mpaka vikatolewa humo mwaka 2014. Inawezekana kuokoa, lakini lazima kuwe na watu wanaoona kwamba kuna kinachopotea. Tongoni ikidondosha nguzo moja usiku huu, nani kati yetu atajua?

Ya tatu, ile ya hela. Hapa siwatanii, najua boom inavyoyeyuka. Sisi tulichanga elfu kumi kumi kila mwezi kwa semista nzima, akashika mtunza hazina mmoja mkali kuliko mama mwenye nyumba. Tulilala wanne kwenye vyumba viwili vya gesti ya kawaida na wa tano kwa jamaa yao, tukala sokoni. Nimeona watu wakichanga zaidi ya hapo kwa ajili ya sare za sherehe ya kuagana mwaka wa tatu. Sherehe ni nzuri, nitakuja na nitacheza. Ninachosema ni kwamba hela ipo kwa lile tunaloliona la lazima, na safari kama hii hatujaiona kuwa ya lazima.

Lakini pia isiwe mzigo wa mwanafunzi peke yake. Pendekezo langu kwa vyuo vyote vinavyofundisha walimu wa Historia: iwekeni safari moja ya siku tatu ndani ya kozi, yenye alama, kama field inavyohesabiwa. Mwanafunzi wa udaktari hahitimu bila kugusa mgonjwa. Wa jiolojia hahitimu bila kugonga mwamba. Sisi tunahitimu tukiwa tumegusa fotokopi. Na sasa kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linafundishwa kwa Kiswahili, watoto wa nchi nzima wanalisoma. Hilo somo litageuka orodha ya tarehe mara moja kama sisi wenyewe hatuijui Tanzania yenyewe.

Atauliza mtu, mbona unatupeleka Pangani, hapo Malampaka hakuna historia? Swali zuri, na jibu lake ndilo faida kubwa niliyorudi nayo. Kabla ya safari ningekujibu hapa kuna stesheni, pamba, mpunga na vumbi. Sasa naiangalia stesheni naona mlango wa manamba. Naangalia pamba naona jinsi reli ya 1928 ilivyofuata mazao kwenda bandarini. Reli mpya ya kisasa nayo, kipande cha Mwanza hadi Isaka chenye kilomita 341, ilianza kujengwa 2021 na inapita ukanda huu huu. Watoto ninaowafundisha wataipanda. Ningependa siku wakiketi kwenye viti vile wajue kwamba babu zao waliondoka na treni hapa wakiwa na namba shingoni, na walikwenda wapi, kufanya nini, na walirudi na nini. Nisingeweza kuwaambia hivyo kama nisingekwenda kuona upande wa pili wa safari ile.

Kwa hiyo kwa wenzangu mlioko field sasa hivi, msingoje chuo kibadilishe mtaala. Muulize mzee mmoja wiki hii. Uliza alisafiri wapi, kwa chombo gani, kwa hela gani, alirudi na kitu gani. Andika jina la mahali. Halafu tukirudi chuo tuweke ramani mezani, tuone majina yanatupeleka wapi. Naamini wa Songea yatampeleka Tanga pia, wa Kigoma yatampeleka Tanga pia. Tutakutana sokoni Pangani bila kupanga!

Mimi safari ya pili nimeshaanza kuchanga. Nataka kuvuka Bweni niende mpaka Kikogwe kwenyewe, nikae siku nzima. Bibi amesema nikienda nimletee jani moja la mkonge alione, maana maisha yake yote ameusikia tu. Nafasi zipo nne, mtunza hazina ni yule yule mkali, na elfu kumi ya kwanza inaanza boom ikitoka.

Nawasilisha wadau. Tuko pamoja.